Kabla ya mashine, tengenezeni njia ya sukari: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Uganda

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Fedha, uongozi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Baraza la Nishati ya Atomiki, na wakuu wa forodha Entebbe.

Waheshimiwa,

Mimi ni radiografa. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili: eksirei, altrasaundi, skani ya CT. Nilizaliwa Koboko, sasa nafanya kazi Kampala. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokulia nayo West Nile, tena ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na jambo ninaloliomba halitatimia bila jirani zetu wa Kenya kulisikia pia.

Habari za kuleta skani ya PET Uganda, mashine inayosaka saratani mwilini kwa kufuata sukari yenye mionzi, zimezungumzwa mikutanoni kwa muda sasa, nami nazifurahia. Lakini kila nikisikiliza, mazungumzo yanahusu mashine: itagharimu kiasi gani, itakaa jengo gani, nani ataizindua. Naombeni tubadilishe utaratibu. Kabla ya mashine, tengenezeni njia ya sukari itakayoilisha. Bila sukari hiyo, skani ya PET ni duara la vihisi lisiloona chochote.

Niruhusuni niieleze sukari yenyewe, kwa maana wengi wenu si watu wa fani hii, na ninyi ndio mtakaotia sahihi.

Inaitwa fluorodioksiglukosi, sisi kazini tunasema FDG. Ni glukosi, ile sukari ya damu, iliyobadilishwa mahali pamoja tu: kwenye kaboni yake ya pili, penye oksijeni na haidrojeni, pamewekwa atomu ya fluorini-18, ambayo ina mionzi. Seli huipokea kama glukosi ya kawaida. Kimeng'enya kiitwacho heksokinesi kinaipachika fosfeti, na hapo safari yake inaishia. Glukosi ya kawaida ingeendelea kuvunjwa itoe nguvu. Hii, kwa kukosa ile oksijeni, haiendi mbele wala haitoki kirahisi. Inabaki ndani ya seli. Seli zenye njaa kubwa hukusanya nyingi zaidi. Ubongo ni mlaji mkubwa, moyo nao mara nyingi, na vilevile saratani nyingi zinazokua kwa kasi. Mjerumani Otto Warburg alishaona katika miaka ya 1920 jinsi uvimbe wa saratani unavyotumia glukosi kupita kiasi.

Kiini cha fluorini-18 kinapovunjika hutoa chembe iitwayo pozitroni. Pozitroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili ya gama inayokimbilia pande mbili zinazoelekeana. Vihisi vikiipokea miale hiyo kwa wakati mmoja, kompyuta inajua tukio lilikuwa kwenye mstari gani, na ikishakusanya mistari kwa mamilioni inachora ramani ya mahali sukari ilipojaa. CT inaonyesha umbo la kitu. PET inaonyesha kama kilichomo ndani ya umbo hilo kiko hai na kinakula.

Tofauti hiyo niliijua vitabuni kabla haijaingia nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alipatikana na limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Akapewa dawa za kemo, akazimaliza, homa ikakata, mwili ukaanza kurudi. Ikapigwa CT: donge la kifuani limepungua, lakini bado lipo. Je, ni ugonjwa au ni kovu? Hodgkin ina tabia ya kuacha kovu mahali ilipokuwa, na CT haina namna ya kutofautisha kovu na uvimbe ulio hai. Niliishika picha ile mkononi, mtu wa fani, nikakosa la kumwambia dada yangu. Daktari naye alikuwa na njia mbili mbaya: kuongeza dawa kali kwa mtu ambaye huenda amepona, au kungoja na kuona kama uvimbe utarudi. Akatushauri Nairobi. Ng'ombe wakauzwa, kipande cha ardhi kikauzwa. Ofisi moja iliyopaswa kutupatia barua ikatuzungusha mpaka dada akachoka kulia. Mwishowe picha ya PET ikapigwa, na donge lile halikuwa limekula sukari yoyote. Lilikuwa kovu. Kemo ya pili haikuhitajika.

Katika wodi aliyolazwa walikuwapo wengine wenye swali hilohilo kifuani, na hawakuwa na ng'ombe.

Ndiyo maana nasema suala hili halipaswi kuitwa anasa ya nchi tajiri. Limfoma ina historia ya pekee hapa kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto, na leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma, na madaktari wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuonyesha kwamba mtoto mwenye uvimbe huo anaweza kupona kwa dawa tu, bila kisu. Leo, kote penye uwezo, limfoma ya Hodgkin na limfoma nyingine nyingi zinazokwenda kasi hupimwa kwa FDG kabla ya matibabu na baada yake, kwa kulinganisha mng'ao wa uvimbe na mng'ao wa ini la mgonjwa mwenyewe. Watoto na vijana wa Uganda walichangia miili yao katika elimu ya ugonjwa huu. Wana haki ya kupimwa kwa kipimo chake.

Na si limfoma peke yake. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wetu, huonekana vizuri kwa FDG, hasa inapokuwa imeshaingia kwenye tezi za tumboni ambazo CT inaziona za kawaida. Kujua hilo mapema kunabadilisha eneo la kupigwa mionzi.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo mradi utakaposimama au utakapoanguka.

Fluorini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110 hivi. Haihifadhiki ghalani, haiagizwi ya mwezi mzima. Inatengenezwa alfajiri na inatumika siku hiyohiyo. Hutengenezwa kwa saiklotroni, mashine inayorusha protoni kwa kasi kubwa kwenye maji yenye oksijeni-18; kisha wakemia huipachika kwenye sukari ndani ya kisanduku kilichozungushiwa madini ya risasi yanayozuia mionzi, wakaikagua, wakaifunga. Kuanzia hapo ni kubeba barafu juani.

Nairobi wanazo saiklotroni: ipo hospitali ya Aga Khan, na ipo hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka Nairobi hadi Entebbe ni mwendo wa saa moja na dakika chache kwa ndege, na kutoka Entebbe hadi Kampala ni kama kilomita 40, kwa barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018. Tuseme sukari imekamilika Nairobi saa kumi alfajiri na mgonjwa wa kwanza anadungwa Mulago saa mbili asubuhi. Ni muda wa saa 4. Ni mbio, lakini zinawezekana. Nguvu iliyobaki ni kama asilimia 22 ya ile iliyoondoka. Mtu mzima kwa kawaida anahitaji kiasi cha megabekereli (kipimo cha nguvu ya mionzi) 200 hadi 400, na mzunguko mmoja mzuri wa saiklotroni hutoa ya kutosha watu wengi, kwa hiyo hiyo asilimia 22 ni asubuhi nzima ya kazi.

Lakini boksi likisimama Entebbe kwa saa 2 zaidi, inabaki asilimia 10. Ofisa akinywa chai kabla ya kugonga muhuri, wagonjwa zaidi ya nusu wanarudishwa nyumbani siku hiyo. Na fedha tutalipa kwa kilichoondoka Nairobi, si kwa kilichofika.

Si ndoto, jamani. FDG ilizaliwa ikisafiri. Molekuli yake, bila mionzi, ilitengenezwa na Josef Pacák na wenzake mjini Prague mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye Tatsuo Ido, Joanna Fowler na Alfred Wolf, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, wakapata njia ya kuipachika fluorini-18. Mwaka 1976 sukari hiyo ikapandishwa ndege hadi Philadelphia, ambako Abass Alavi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwadunga watu wawili waliojitolea, wa kwanza duniani. Walichokifanya wale karibu miaka 50 iliyopita ndicho ninachowaomba mkipange kati ya Nairobi na Mulago.

Hofu yangu kubwa ni kwamba tumezoea mionzi yenye subira. Kitengo cha tiba ya nyuklia cha Mulago hutumia teknishiamu, inayokamuliwa kutoka kwenye jenereta ya molibdeni iletwayo kwa ndege. Molibdeni hupungua nusu kwa saa 66. Jenereta ikilala uwanja wa ndege usiku mmoja, kazi inapungua lakini haifi. Taratibu zetu zote za vibali, barua na mihuri zimekua zikitembea kwa mwendo wa molibdeni. Fluorini itazishinda asubuhi ya kwanza.

Kwa hiyo kwenu Baraza la Nishati ya Atomiki, mliopewa mamlaka na Sheria ya mwaka 2008: toeni kibali cha mwaka mzima kwa safari za FDG badala ya kibali cha kila boksi, na mkae na wenzenu wa Kenya ili ukaguzi uliofanywa kule ukubalike huku. Kwenu forodha: nyaraka zipokewe ndege ikiwa bado angani, na pawepo ofisa mwenye jina na zamu ya alfajiri aliyefundishwa kwamba alama ya mionzi kwenye boksi ni maelezo ya namna ya kulishika, si sababu ya kulitupa kando. Kwenu Wizara: kaeni na mashirika ya ndege mapema. Rubani ana haki ya kukataa mzigo wa mionzi, na duniani kote mizigo ya namna hii hukataliwa mara kwa mara kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza wahusika. Makubaliano ya maandishi, na ndege ya pili ya kukimbilia wa kwanza akikataa, ni sehemu ya njia ya sukari sawa na lami ya barabara.

Mtaniuliza, kwa nini tusinunue saiklotroni yetu? Tununue, lakini baadaye. Saiklotroni inahitaji umeme usioyumba, jengo lenye kuta nene za zege, maji ya oksijeni-18 ambayo ni ghali, wahandisi wanaolala karibu nayo, na wafamasia wa mionzi wanaoweza kuthibitisha ubora wa dawa kwa dakika chache kabla haijadungwa. Tukianza na sukari ya Nairobi, watu wetu watajifunza wakifanya kazi kweli, na tutajua kwa hesabu ya wagonjwa halisi, si kwa makadirio ya wauzaji, lini saiklotroni ya kwetu inastahili. Taasisi yetu imepewa jina la kituo cha umahiri wa saratani kwa Afrika Mashariki. Umahiri wa Afrika Mashariki unaweza kuanza na boksi moja linalovuka mpaka bila kusimamishwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likitajwa mkutanoni hata mara moja: basi la usiku.

Mgonjwa wa FDG hutakiwa kufika bila kula kwa muda usiopungua saa 4, wengi huagizwa 6, awe amepumzika, hajabeba mizigo, hajatembea mwendo mrefu. Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Ukila au ukinywa chai yenye sukari, insulini inapanda, na insulini huifungulia misuli mlango wa glukosi. FDG inakwenda kwenye misuli ya mapaja na mabega badala ya kwenye uvimbe. Ukikimbia au ukibeba mzigo mzito, misuli iliyochoka nayo inakula. Picha inaharibika, na dawa iliyopita mipaka na mihuri yote inakuwa imepotea bure.

Sasa mfikirieni mtu wa Arua. Anapanda basi jioni, anavuka Nile Pakwach, anafika Karuma usiku, anasafiri karibu kilomita 500, anashuka Arua Park, kituo cha mabasi hapa Kampala, alfajiri akiwa na baridi na njaa. Pale chini kuna chai ya maziwa na mandazi. Nani atamlaumu akinywa? Kisha anabeba begi lake, anapanda boda hadi Mulago, na kufikia saa tatu anakuwa ameshaharibu kila kitu bila kujua. Mgonjwa wa kisukari ana taabu zaidi: sukari ya damu ikipita milimoli 11 kwa lita kwa kawaida anaahirishwa, na yule anayemeza metformini utumbo wake unaweza kung'aa mpaka ufiche kilichomo. Kwa hiyo jengeni, au pangeni, nyumba ya kulala wagonjwa karibu na Mulago, na muuguzi wa kumpigia kila mmoja simu siku mbili kabla, kwa lugha yake: Kilugbara, Kiacholi, Runyankole, Luganda, Kiswahili. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na mashine. Nikiambiwa nichague kitu kimoja kitakachookoa picha nyingi zaidi, nitachagua nyumba hiyo.

Pia wataalamu. FDG haitambui saratani. Inatambua njaa ya glukosi. Chembe za kinga zinazopigana na kifua kikuu nazo zina njaa hiyo, na hapa kwetu kifua kikuu kipo. Tezi za mtu mwenye VVU zinaweza kung'aa kwa sababu zisizohusiana na saratani. Daktari aliyefunzwa kusoma picha za Ulaya tu ataona saratani mahali pa kifua kikuu, na mtu atapewa kemo asiyostahili. Upande wa pili, saratani ya tezi dume mara nyingi haili sukari nyingi, na itapita bila kuonekana. Nayasema haya ili yeyote atakayewauzia mashine asiwaahidi kwamba itaona yote. Biopsi, yaani kukata kipande cha uvimbe na kukipima, itabaki pale pale. Wapelekeni vijana wetu kusoma sasa, kabla ya kreni kuinua boksi la mashine: madaktari wa tiba ya nyuklia, wanafizikia wa tiba, wafamasia wa mionzi, na radiografa kama mimi. Wapelekeni Nairobi na Afrika Kusini, wanakosomewa wagonjwa wanaofanana na wetu, kisha muwape ajira wakirudi.

Wananchi nao watauliza, na wana haki ya kujibiwa mapema. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama sukari hiyo itamletea kisukari. Hapana: kinachodungwa hakifiki hata uzito wa chembe moja ya sukari ya Kakira. Mionzi ya FDG yenyewe, bila kuhesabu ya CT, ni kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 4 hadi 7, wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni 2.4 kwa mwaka. Si sifuri, na mjamzito hapaswi kupimwa bila sababu nzito. Lakini sehemu ya dawa hiyo inatoka kwa mkojo, na baada ya siku moja iliyobaki mwilini ni chini ya sehemu moja katika 8,000. Redio za mikoani zinaweza kulieleza hili vizuri mkizipa watu wa kuhoji.

Najua baadhi yenu mtaona naweka vikwazo mbele ya jambo jema. Kumbukeni mwaka 2016. Mashine ya kobalti ya Mulago, ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyokuwa ikihudumia taifa zima tangu 1995, iliharibika isitengenezeke tena, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengi hawakupelekwa popote. Mashine ile haikufa ghafla. Ilizeeka hadharani, na hakuna aliyekuwa ameandaa kinachofuata. Mimi na wenzangu ndio tuliokuwa tukisimama mlangoni kuwaambia watu warudi nyumbani.

Ombi langu la kwanza kabisa, ambalo halihitaji bajeti ya Bunge, ni hili. Kabla ya zabuni yoyote, fanyeni jaribio la boksi tupu. Chukueni chombo cha risasi kama kile cha FDG, kisicho na mionzi, chenye nyaraka zote kamili. Kitoke hospitali moja ya Nairobi saa kumi alfajiri, kipande ndege, kipite forodha, kipite ukaguzi, kifike mlango wa tiba ya nyuklia Mulago. Fanyeni siku ya Jumatatu, mrudie siku ya sikukuu, mrudie siku ya mvua na foleni. Kila mara andikeni saa lilipotua, saa lilipotoka uwanjani, na saa lilipopokelewa, kisha mtangaze nyakati hizo wazi. Likifika kabla ya saa mbili asubuhi mara zote, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono ununuzi wa mashine. Likichelewa, tutajua ni meza gani limekaa, na mtajua mwanze kutengeneza wapi.

Niko tayari kulisindikiza boksi hilo mwenyewe, bila posho.

Wenu mtiifu,
Radiografa, mzaliwa wa Koboko
Kampala